Kabla ya Kubeba Bomba: Namna ya Kupima Hatari kwa Nyuki wa Shambani Mwako

Dalali wa matikiti hana maneno mengi. Anapita mstari kwa mstari, anageuza tunda kwa ncha ya kiatu, na lile lililobonyea upande mmoja mithili ya kibuyu analiruka. Msimu ule, kwenye ekari yangu moja kando ya Mto Ruvu, aliyaruka mengi kuliko aliyochukua. Mbegu ilikuwa nzuri, mbolea niliweka, maji hayakukatika. Nilipofungua daftari la gharama ndipo nikaona: wiki mbili nzima za maua nilikuwa napulizia dawa ya wadudu mafuta saa 3 asubuhi, kibarua akishamaliza chai. Saa hiyohiyo nyuki nao wako kazini kwenye maua ya tikiti. Nilikuwa naua vibarua ambao sikuwa nawalipa hata senti.

Tikiti lina maua dume na maua jike, kila moja peke yake. Chavua yake inanata, upepo hauibebi. Lazima mdudu aichukue kwa dume na kuipeleka kwa jike. Ua hufunguka asubuhi, hufunga alasiri ya siku ileile, na halifunguki tena. Katika saa hizo chache ua jike linahitaji kutembelewa na nyuki walau mara 8 hivi ili mbegu zishike pande zote. Zikishika upande mmoja, tunda nalo hujaa upande mmoja.

Maneno "tathmini ya hatari kwa mazingira" yananuka ofisi, lakini kiini chake ni hesabu ya mkulima yeyote. Hatari ni ukali wa sumu ukizidishwa na nafasi ya mdudu kukutana nayo. Sumu kali iliyofungiwa stoo haimdhuru nyuki. Sumu ya wastani iliyomwagwa juu ya ua lililo wazi inamuua. Ukali wa sumu huwezi kuupunguza, imeshatoka nao kiwandani. Kukutana ndiko kuko mikononi mwako: saa, mahali, upepo, maua. Hatua zote zinazofuata zinahusu jambo hilo moja, na vifaa vyake ni daftari, kalamu na simu yenye saa.

Hatua ya 1: Jua nani anakutembelea

Huwezi kumlinda usiyemjua. Zao likianza kuchanua, simama mbele ya maua kama 20 kwa dakika 10 na uhesabu kila mdudu anayetua ndani ya ua. Waandike kwa mafungu unayoyatambua kwa macho: nyuki wakubwa wanaouma, nyuki wadogo wasiouma, wale nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao, inzi, vipepeo na nondo. Rudia saa 1 asubuhi, saa 4, saa 10 alasiri na jua linapozama, kwa siku tatu zisizo na mvua. Mwishoni utakuwa na kitu ambacho hakuna duka la pembejeo linaloweza kukuuzia: ratiba ya kazi ya wachavushaji wako.

Usishangae ratiba hiyo ikitofautiana na ulichozoea kusikia. Pasheni hutegemea zaidi wale nyuki weusi wa mbao, kwa kuwa nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Hubeba chavua bila mgongo wake kugusa sehemu ya kike. Nyanya na bilinganya hufaidika na nyuki wanaoshika ua na kulitetemesha mpaka chavua imwagike kama unga kwenye chekeche. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Kakao ya Kyela huchavushwa na vijidudu vidogo jamii ya mbu wanaozaliana kwenye majani yanayooza chini ya miti, kwa hiyo mkulima anayefagia shamba likang'aa anabomoa nyumba zao. Parachichi aina ya Hass kwa kawaida hufungua ua likiwa jike asubuhi, hulifunga, kisha hulifungua tena kesho yake alasiri likiwa dume. Hapo nyuki na inzi wote wana kazi.

Papai ndilo linalovunja kanuni tuliyozoea. Kila mkulima ameshaambiwa, "Pulizia jioni, nyuki wamelala." Ni ushauri mzuri kwa tikiti. Lakini wageni wakuu wa papai ni nondo wakubwa wanaoruka kasi, nao hufika giza linapoanza kuingia. Anayepulizia mipapai iliyochanua saa 12 na nusu jioni anawapiga mlangoni. Ndiyo maana tunahesabu kwanza, kanuni zinakuja baadaye.

Kama unadhani kazi ya wadudu hawa ina mbadala rahisi, nenda Bukoba ukaangalie vanila. Mmea huo asili yake ni Mexico, na nyuki wa kwao hawakusafiri nao. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alivumbua namna ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole. Hadi leo mkulima wa vanila huamka mapema na kufunua ua mojamoja, kwa sababu kila moja hukaa siku moja tu. Sasa fikiria kuifanya kazi hiyo kwenye ekari ya alizeti, ambayo kichwa kimoja kina mamia kwa mamia ya maua madogo yanayofunguka kwa zamu kutoka ukingoni kwenda katikati.

Hatua ya 2: Chora ramani

Kwenye ukurasa wa pili chora shamba lako na vinavyolizunguka. Weka alama mizinga yote unayoijua, iwe ya magogo juu ya miti au ya kisasa chini ya banda. Nyuki wa asali huenda kilomita 3 na hata zaidi kutafuta chakula. Duara la kilomita 3 kila upande kutoka kwenye mzinga mmoja lina eneo la kilomita za mraba 28, yaani karibu ekari 7,000. Kwa hiyo mzinga usiouona unaweza kuwa unakula shambani kwako, na nyuki wako wanakula kwa watu usiowajua.

Nyuki wadogo na nyuki wanaoishi peke yao hawaendi mbali hivyo. Wengi wao maisha yao yote yako karibu na shamba lako. Aina nyingi za nyuki duniani hujenga ardhini. Tafuta vitundu vidogo kwenye udongo mgumu ulio wazi, kwenye kingo za mifereji, kwenye vichuguu, na matundu kwenye visiki na nguzo kavu. Vitie alama, na trekta lipite mbali.

Kisha weka alama vitu viwili ambavyo wengi husahau. Cha kwanza ni magugu yenye maua. Shamba la mahindi unaweza kuliona halina kitu cha nyuki, kumbe chini yake kishona nguo kimechanua, na juu yake mbelewele zinachumwa chavua asubuhi. Cha pili ni maji: dimbwi la bomba linalovuja, ndoo ya kuchanganyia dawa, mahali unapooshea vifaa. Nyuki hunywa maji, na wakati wa kiangazi hatachagua.

Hatua ya 3: Soma kibandiko, usisome rangi tu

Kwanza hakikisha kopo limesajiliwa. Kwa Tanzania msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwa Kenya ni bodi ya PCPB. Kopo lisilo na namba ya usajili, au dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, iache dukani.

Kisha tazama utepe wa rangi ulio chini ya kibandiko: nyekundu, njano, buluu au kijani. Wakulima wengi huuamini kwa kila jambo, na hapo ndipo tunapoteleza. Rangi ile inampima binadamu anayeishika dawa, haimpimi nyuki. Chukua mfano wa spinosad, inayotumika dhidi ya viwavi na kantangaze. Kwa binadamu imo kwenye daraja la hatari ndogo. Kwa nyuki, ikiwa mbichi kwenye jani, ni sumu kali, ingawa ikishakauka kwa saa kadhaa hatari yake hushuka sana.

Kwa hiyo tafuta mambo manne.

Jina la kiambato amilifu, yaani sumu yenyewe. Liko kwa maandishi madogo chini ya jina la biashara. Imidacloprid, thiamethoxam, clothianidin, fipronil, chlorpyrifos na lambda-cyhalothrin zote ni kali kwa nyuki. Kipimo cha imidacloprid kinachoua nusu ya nyuki waliokila ni nanogramu 4 hivi kwa kila nyuki, yaani sehemu 4 kati ya bilioni moja za gramu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya hizo tatu za mwanzo kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018. Kwenye maduka yetu imidacloprid bado inauzwa kwa majina mengi ya biashara. Ukijua jina la kiambato, majina ya biashara hayatakubabaisha.

Je, inapenya mmea? Dawa ya kupenya hupanda na utomvu mpaka kwenye chavua na mbochi, yale maji matamu ya ua. Hata ukiimwaga kwenye shina kabla ya maua, mabaki yanaweza kumfikia nyuki baadaye.

Je, iko katika umbo gani? Ya unga ni mbaya zaidi, kwa sababu hushika kwenye manyoya ya nyuki pamoja na chavua na kubebwa mpaka kwa majana mzingani. Ya maji ni afadhali. Ya chenga za kufukia ardhini haimgusi nyuki juu ya ua, ila kama ni ya kupenya, rudi kwenye swali lililotangulia.

Je, unaichanganya na nini? Tumezoea kutia dawa ya wadudu na ya ukungu kwenye bomba moja ili kuokoa kibarua. Baadhi ya dawa za ukungu, hasa kundi la propiconazole, huzuia mwili wa nyuki usiweze kuivunja sumu, na dawa kama lambda-cyhalothrin inakuwa kali zaidi kuliko ikiwa peke yake. Zipulizie kwa siku tofauti.

Ni vizuri pia kujua kibandiko kimetoka wapi. Kabla ya usajili, kampuni huwaweka nyuki wa asali kwenye vizimba maabara, huwalisha au kuwadondoshea sumu kwa viwango mbalimbali, kisha huhesabu waliokufa baada ya siku mbili. Kipimo hicho kinasema kweli kuhusu kifo cha haraka. Hakisemi mengi kuhusu nyuki wadogo, nondo wa papai, au nyuki asiyekufa lakini akapotea. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa waliwabandika nyuki vitambulisho vidogo vya redio, wakawalisha thiamethoxam kwa kiasi kisichoua. Wengi zaidi kati yao walishindwa kurudi mzingani kuliko wale ambao hawakulishwa. Maabara imefanya nusu ya tathmini. Nusu iliyobaki inafanyika shambani, na mtathmini ni wewe.

Hatua ya 4: Kutanisha kurasa tatu, kisha uamue

Sasa una ratiba ya wageni, ramani na jina la sumu. Kabla ya kila mpulizo, jiulize kwa mpangilio huu.

Je, wadudu waharibifu wapo kweli? Pita shambani kama unaandika herufi Z na ukague mimea 20. Wakiwa kona moja, pulizia kona hiyo. Ukikuta wale wadudu wa mviringo wenye madoa wanakula wadudu mafuta, wape siku mbili tatu. Mpulizo salama kuliko yote ni ule ambao haukuhitajika.

Maua yamefunguka, na dawa ni ya kupenya au hukaa siku kadhaa? Acha. Tafuta dawa nyingine. Kupulizia usiku hakutakusaidia, maana usiku hausafishi fipronil. Nyuki wa asubuhi ataikuta palepale.

Maua yamefunguka, na dawa hupoteza nguvu kwa saa chache? Subiri mpaka wageni wa zao lako waondoke. Kwa tikiti, boga na tango, ni baada ya jua kuzama, maua yakiwa yameshafunga. Kama umande ni mzito, pulizia mapema usiku ili dawa ikauke kabla haijaloweshwa upya. Vaa taa ya kichwani na usiache kinga zako kwa kisingizio cha giza.

Zao halina maua, lakini magugu yamechanua? Fyeka kwanza, upulizie kesho yake.

Hakuna maua, lakini upepo unaelekea mizinga au pori? Subiri utulie. Shika mdomo wa bomba chini, karibu na mmea, na uache mistari miwili ya ukingoni bila kuipulizia.

Hakuna maua na upepo umetulia? Endelea, ukioshea bomba lako mbali na maji wanayokunywa nyuki na watu.

Zipo pia njia za hatari ndogo: mitego ya harufu kwa kantangaze, dawa za bakteria aina ya Bacillus thuringiensis kwa viwavi, na mwarobaini ukipuliziwa jioni. Hazifanyi kazi kwa kishindo, zinahitaji kuanza mapema. Ndiyo faida ya ukaguzi wa herufi Z.

Hatua ya 5: Nenda kwa mwenye mizinga

Siku mbili kabla ya kupulizia, wajulishe wafugaji nyuki walio kwenye ramani yako. Mimi nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye mizinga ya magogo ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja mtupu au umekuja na bomba?"

Nilimweleza ratiba niliyoiandika. Akasema nyuki wake hutoka ukungu haujaondoka, na akataka tu ajue siku ili asirine asali siku hiyo. Kisha akanionyesha mti mmoja. Chini yake, mwaka fulani, aliwakuta nyuki wakitetemeka, ndimi nje, wengine wakizunguka mgongo chini. "Niliwazoa kwa upawa," alisema. Nilihesabu miaka kimyakimya. Ulikuwa ule wa matikiti yangu ya kibuyu. Nikamwambia. Alinyamaza kitambo, akavuta kigoda chake karibu. "Haya, taja siku na saa."

Usimtake mfugaji aifungie mizinga mchana kutwa. Kwenye joto la Pwani masega huyeyuka na kundi zima hufa. Afadhali wewe ubadili saa ya kupulizia kuliko yeye kufungia nyuki. Ikitokea ajali, okoteni nyuki waliokufa siku hiyohiyo, muwaweke kwenye bahasha ya karatasi na si mfuko wa plastiki ili wasioze, muwahifadhi kwenye baridi, na mumpelekee afisa nyuki au afisa ugani pamoja na jina la dawa iliyotumika.

Hatua ya 6: Rudi ukahesabu

Tathmini isiyorudiwa ni utabiri tu. Siku moja na siku tatu baada ya mpulizo, simama palepale, dakika zilezile 10, saa ileile. Wageni wakipungua sana ilhali hali ya hewa haijabadilika, kuna kitu ulikosea: dawa, saa au upepo. Wakati wa mavuno hesabu pia matunda yaliyopinda katika kila 100, au vichwa vya alizeti vyenye mapepe katikati. Safu hizo mbili za namba, wageni na mavuno, ndizo zitakazokufundisha shamba lako.

Shamba likiwa kubwa kuliko daftari

Kuna hatari ambazo mkulima mmoja hazimalizi. Mwekezaji akija kijijini na mradi mkubwa wa umwagiliaji, sheria inaweza kumtaka afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira: kwa Tanzania chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa Kenya chini ya ile ya 1999 inayosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Mkutano wa namna hiyo mara nyingi huishia kwenye ajira na fidia. Inueni mikono muulize: wachavushaji wamehesabiwa, na kwa miezi gani? Ndege ya kupulizia itaruka saa ngapi, na nani atawajulisha wenye mizinga? Ukanda gani wa pori utabaki? Na mpeleke madaftari yenu. Mtaalamu aliyekaa siku nne kijijini hawezi kubishana na hesabu ya misimu mitatu.

Kesho asubuhi, kabla hujachanganya chochote, nenda shambani saa 1 na daftari. Andika tarehe, chora mafungu matano, washa saa ya simu. Dalali atapita baadaye na kugeuza matunda kwa kiatu chake. Wewe utakuwa umeshayajua majibu yake tangu siku za maua.